Mama Umeme na Wakimbiaji wa Mwisho

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, redio ilikaa juu ya rafu ya sabuni, na kila siku ilifunguliwa kabla ya mashine. Aliyeifungua ni mpiga pasi, mwanamke mnene mcheshi ambaye hakuweza kunyoosha hata foronya moja bila kumsikia Sauti. Huyo Sauti ni mtangazaji wa kipindi cha asubuhi. Jina lake halisi hakuna aliyejali kulijua. Alikuwa na kicheko kizito cha kutoka tumboni, na nusu ya mji iliamka naye.

Asubuhi moja Sauti aliwaambia wasikilizaji kwamba anajiandaa kukimbia tena marathoni ya mji, kama alivyofanya mwaka uliopita. Simu zikaanza kumiminika. Mmoja akamwita shujaa. Mwingine akasema alilia machozi alipomwona akivuka mstari wa mwisho.

"Shujaa wa nini?" Mama Umeme akauliza. Alikuwa anatoa mashuka kwenye mashine, mikono imelowa mpaka viwikoni. "Mtu ametumia karibu saa sita barabarani. Hiyo si mbio, hiyo ni safari. Angebeba na begi."

Mpiga pasi akacheka mpaka akaweka pasi chini. "Una wivu tu wewe."

"Sina wivu. Nina macho. Na macho yangu yananiambia yule bwana hakumaliza."

Jina la Umeme alipewa na mashabiki alipokuwa msichana, akiikimbilia timu ya kiwanda cha nguo. Alikuwa mwembamba, mrefu wa miguu, na akipita mbele yako ulichoona ni mgongo. Baadaye goti la kushoto likamgomea, kiwanda kikafungwa, naye akaishia kwenye mashuka ya wagonjwa. Wafanyakazi wenzake waliendelea kumwita hivyo, wengine kwa heshima, wengine kwa utani. Wakimwona anachechemea mwisho wa zamu walisema umeme leo umekatika. Yeye hakujali. Alichojali ni kasi. Aliamini kwamba mbio ni kwa ajili ya wanaokimbia, na kwamba mtu akitembea kilomita arobaini na mbili halafu akavishwa medali ile ile, basi kuna wizi mahali fulani.

Alikuwa mtu wa shaka, tusifichane. Maziwa aliyanusa mara mbili kabla ya kuyachemsha. Akiambiwa kwamba daktari fulani amesafiri, aliuliza nani amemwona akipanda gari. Kwa hiyo dereva wa gari la wagonjwa alipomwambia kwamba mwaka uliopita alikaa siku nzima kwenye Kona ya Maghala na hakumwona Sauti akipita, Mama Umeme hakuhitaji kusikia zaidi.

Kona hiyo aliijua vizuri. Ukishapita nusu ya njia, barabara inafika kwenye maghala ya zamani, inayazunguka kwa nyuma kufuata reli, halafu inarudi upande wa pili. Ni mzunguko mrefu wenye jua kali, hauna mti wala mshangiliaji. Lakini katikati ya maghala kuna uchochoro mwembamba. Mtu akiingia upande huu na kutokea upande ule, amejipunguzia mateso makubwa, na hakuna kifaa cha kumnasa, maana mikeka ya kupimia muda ilitandikwa pale mwanzo, nusu ya njia na mwisho tu.

Shaka yake ya pili ilikuwa karibu zaidi. Ilikuwa inalala kitanda kimoja naye.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa fundi wa friji. Mtu mpole, mwenye tumbo la kujivunia, aliyeweza kukaa amechuchumaa nyuma ya friji saa nzima akiipigia mluzi. Hata ndoa yao ilianzia kwenye friji. Aliitwa kwenye bweni la wanariadha wa kiwanda kutengeneza moja iliyokataa kugandisha, akafungua, akafunga, akafungua tena, akashinda pale mpaka jioni akipiga soga na yule msichana mrefu. Walipokuwa tayari na watoto pacha wanaotambaa ndipo alipokiri kwamba friji ile ilikuwa imechomoka tu kwenye soketi. Mama Umeme alicheka, lakini aliweka akilini. Aliolewa na mtu anayeweza kukudanganya mchana kutwa huku uso wake umetulia kama maji ya mtungi.

Sasa mtu huyo huyo, watoto wameshaondoka nyumbani, mvi zimeshaingia mpaka kwenye nyusi, alianza kuamka alfajiri na kuvaa viatu vya michezo.

"Unakwenda wapi?"

"Mazoezi."

"Ya nini?"

"Marathoni. Tuko kikundi. Sauti mwenyewe ndiye aliyetuanzishia."

Mama Umeme alikaa kitandani, akawasha taa, akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Baba Pacha, mwanamke gani huyo?"

"Mwanamke yupi tena, jamani?"

"Mtu wa umri wako haanzi kukimbia. Anakimbizwa."

Fundi akacheka, akafunga kamba za viatu huku anahema, akatoka. Siku tatu mkewe alivumilia. Siku ya nne alijifunga kitambaa kichwani akamfuata kwa mbali, akijibanza kwenye kuta kama mgambo. Hakuona mwanamke. Aliona watu wachache wenye vitambi wakijikokota kuzunguka uwanja wa shule, Sauti hayupo, na mumewe nyuma ya wote. Kwenye mzunguko mmoja Baba Pacha alisimama nyuma ya ukuta wa choo, akainama, akatapika. Akajifuta mdomo kwa mkono. Akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona, kisha akaendelea.

Mama Umeme alirudi nyumbani. Kilichomsumbua si kutapika. Ni kwamba Baba Pacha alipofika nyumbani alisema, "Leo mazoezi yalikuwa matamu sana." Ikiwa anaficha hili, anaficha na lingine.

Wiki chache kabla ya mbio, Chama cha Wanariadha Wakongwe kiliitisha kikao. Waandaaji waliomba wakongwe wakasimame njiani kama waangalizi. Mwenyekiti wa chama alikuwa mzee mkakamavu, kifua mbele, ambaye bado alikimbia na kila mwaka alichukua kikombe cha watu wa rika lake. Alikuwa na maneno makali juu ya watu wa nyuma.

"Wanatushushia hadhi," alisema akigonga meza. "Mcheza filamu anakuja na mpiga picha wake, mtangazaji anakuja na kofia ya redio yake, wanatembea, wanapiga picha, wanaitwa wanariadha. Sisi tuliotapika damu tunaitwa nani? Mstari wa mwisho ufungwe mapema. Asiyeweza akae nyumbani atazame televisheni."

Aliyepiga makofi kuliko wote ni Mama Umeme. Walipogawana vituo alinyoosha mkono. "Mimi nataka Kona ya Maghala. Pale uchochoro unapotokea."

Mwenyekiti akasita. "Kule ni jua tupu, dada yangu. Wewe una jina. Kaa mstari wa kuanzia, watu wakuone."

"Sitaki kuonwa. Nataka kuona."

Watu wakacheka, na Mwenyekiti naye akacheka, akakubali. Mama Umeme alitoka pale akifikiri jinsi mzee yule anavyowajali watu wake.

Siku ya mbio alifika konani mapema, na kizibao cha manjano na filimbi shingoni. Askari mmoja alikuwa mbali kule mwanzo wa maghala akizuia magari. Huku mwisho alikuwa peke yake, na mdomo wa uchochoro ubavuni mwake, unanuka vumbi na mafuta ya zamani.

Wa mbele walipopita alisahau goti lake. Unawasikia kabla ya kuwaona, kishindo chepesi kama mvua inayoanza kwenye bati, halafu wamefika, macho mbele, mabega yametulia, na tayari wamekwenda. Mama Umeme alishika kifua. Hicho ndicho alichokipenda duniani, na kilidumu kwa muda wa kupiga chafya.

Baada yao wakaja wengi, wa kila namna, wengine wanaguna, wengine wanaimba. Aliwakagua mmoja mmoja kama mashuka yenye madoa. Ndipo dada mmoja akaanguka mbele yake, msuli wa kigimbi umekaza kama kamba. Mama Umeme akapiga magoti, akaushika mguu, akausukuma unyayo taratibu, huku yule dada akimtaja mama yake. Alikuwa ameupa uchochoro mgongo. Msuli ulipolegea akainua kichwa, na pale pale kwenye mdomo wa uchochoro akamwona Mwenyekiti anatoka, anafunga kamba ya kaptula.

"Ala! Dada yangu!" akasema. "Nimeingia haja ndogo mara moja." Akampungia mkono, akaingia barabarani, akaondoka kwa mwendo wa kijana.

Mama Umeme alibaki ameduwaa. Alitaka kuamini. Mzee wa umri ule, kibofu kinamwita, ataingia wapi kama si uchochoroni? Lakini hakuwa amemwona akija kwa barabara. Inawezekana alipita wakati yeye ameinama. Inawezekana. Halafu akakumbuka fulana. Kila aliyetoka nyuma ya maghala alikuwa amelowa chapachapa. Ya Mwenyekiti ilikuwa na unyevu kidogo tu kwapani.

Yule dada alipoondoka akichechemea, Mama Umeme aliingia uchochoroni, akatembea polepole akikagua kuta zote mbili, chini na juu, mpaka akatokea upande wa pili, kisha akarudi. Mchanga mkavu. Ukuta mkavu. Jua lilikuwa kali, sawa, lakini si kali kiasi cha kukausha haja ya mtu mzima kwa muda mfupi vile.

Akapiga simu kwa waandaaji. "Mwenyekiti wetu ametokea uchochoroni."

"Nani?" kijana wa upande wa pili akauliza. "Mwenyekiti? Mama, acha utani. Hebu tuangalizie hao wa nyuma, ndio wanaotusumbua."

Simu ikakatwa. Mama Umeme akaitazama. Hakuwa na la kufanya ila kusimama.

Jua likapanda. Wakimbiaji wakapungua, wakawa mmoja mmoja, halafu hakuna. Baba Pacha hakuwa amepita; akadhani ameacha njiani. Meza ya maji ya jirani ikakunjwa. Alikuwa karibu kuamini kwamba Sauti amepita njia nyingine kabisa, pengine amelala ndani ya gari lenye kiyoyozi, pale kofia ya redio ilipotokea nyuma ya maghala, upande wa reli, barabarani, mahali inapotakiwa.

Alikuwa anatembea. Halafu akakimbia kidogo, kukimbia kwa mtu anayebeba ndoo kichwani. Halafu akatembea tena. Kicheko cha redioni hakikuwepo. Soksi zake zilikuwa zimegeuka nyekundu kwenye visigino.

"Maji yapo, mama?" aliuliza, na sauti ile iliyojaza nyumba za watu ilitoka nyembamba kama ya mgonjwa.

Mama Umeme akampa chupa yake mwenyewe. Kisha akavua filimbi, akaitia mfukoni, akaanza kutembea ubavuni mwake.

"Huna haja ya kunisindikiza," Sauti akasema.

"Sikusindikizi. Nakulinda."

"Na nini?"

"Na magari. Hasa yale yanayosimama kumpakia mtu."

Sauti akamtazama, akaelewa. Wakaenda kipande kirefu. Mama Umeme alimtazama kwa pembe ya jicho, akisubiri aombe kupumzika, apige simu, aingie kwenye mlango wowote. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alihema tu na kuburuta miguu.

"Wewe unaona sistahili," hatimaye akasema.

"Naona unaitwa shujaa kwa kazi ambayo wengine walishaimaliza wakaenda nyumbani kuoga."

"Mimi sikuwaambia waniite hivyo."

"Hukuwakataza pia."

Akacheka kidogo, ikamuuma, akaacha. "Kweli. Sikuwakataza. Lakini mama, wale wa mbele sijilinganishi nao. Sijaomba kikombe. Nimeomba tu kufika."

"Na mwaka jana ulifika?"

"Nilifika."

"Kwa kupitia pale nyuma ya reli?"

"Kwa kupitia pale nyuma ya reli. Nilikuwa nimejifunika taulo kichwani, jua lilikuwa linaniua. Hakuna aliyenitambua. Baadaye nikasikia maneno. Huniamini."

"Nitajuaje?"

"Ndiyo hivyo. Hata mimi sina cha kukuonyesha. Ndiyo maana nimerudi mwaka huu, na mwaka huu sijajifunika."

Mama Umeme hakupanga kusema lililofuata. Lilimtoka lenyewe, labda kwa sababu ya njia tupu na jua. Alimwambia kwamba alipokuwa msichana aliwahi kushinda mbio kubwa, ya kwanza maishani mwake, akiwaacha nyuma wanawake ambao picha zao alikuwa amezibandika ukutani. Wasimamizi wakakaa kikao chini ya turubai. Wakasema hakuna aliyemwona katikati ya njia. Wakasema msichana wa kiwandani hawezi kwenda kasi ile, lazima ameingilia mahali. Kikombe akapewa wa pili. Hakuna aliyetoka kwenda kuwauliza watu waliokuwa kando ya barabara.

"Ukafanya nini?" Sauti akauliza.

"Nikarudi kiwandani. Baadaye nilishinda nyingine, wakaamini. Lakini ile siwezi kuisahau."

Sauti alisimama kabisa. Hakuinua sauti. "Sasa, mama, wewe uliyefanyiwa hivyo... mbona mimi unanifanyia?"

Mama Umeme alitafuta jibu, akakuta alichonacho ni hasira tu, na hasira yenyewe haikuwa inamtazama Sauti tena. Ilikuwa inamtazama mzee mwenye fulana kavu.

"Tembea," akasema. "Ukisimama miguu itaganda."

Walipokaribia kituo cha mafuta, Sauti alikumbuka jambo. "Yule fundi wa friji, mwenye tumbo, anayesema mke wake ni Umeme wa kiwandani. Ndiye mumeo? Nilimpita darajani. Alikuwa amekaa chini."

Mama Umeme akageuka kutazama nyuma. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, haina mtu. Magari yalikuwa yameanza kuruhusiwa upande mmoja.

"Nenda kwake," Sauti akasema. "Mimi nitapita njia hii hii. Utake kuamini, usitake."

Mama Umeme akavitazama visigino vyake. Mtu angeweza kujipaka rangi, akawaza, na papo hapo akajionea aibu. Akamwacha. Ilikuwa mara yake ya kwanza, pengine kwa miaka mingi, kumwacha mtu bila kumalizia kumchunguza.

Mama Umeme alimkuta Baba Pacha mbali, si darajani tena. Alikuwa amevuka maghala, anakuja pembezoni mwa barabara, na nyuma yake linatambaa basi la kuwaokota waliochoka, mlango wazi, msaidizi wa dereva ananing'inia mlangoni.

"Mama, mwambie mzee apande!" msaidizi akapiga kelele. "Tumemwomba mpaka tumechoka. Njia imefungwa!"

"Imefungwa kwenu," Baba Pacha akajibu bila kugeuka. Midomo yake ilikuwa na ukoko mweupe wa chumvi. Alipomwona mkewe alijaribu kutabasamu. "Leo si tamu sana."

"Umekuja kwa nyuma ya maghala?" Swali lilimtoka kabla hajaliwazia.

"Nyuma ya maghala, ndiyo. Kuna bomba linavuja, nimeoga kichwa. Na mbwa wawili. Mmoja alinifuata, akachoka, akaacha."

Bomba mtu anaweza kusimuliwa, Mama Umeme akawaza. Mbwa pia. Lakini alimtazama usoni, na uso ule haukuwa umetulia hata kidogo. Ulikuwa umepinda kwa maumivu, uko wazi kama mlango wa basi.

"Wewe ukisema nipande, nitapanda," Baba Pacha akasema taratibu. "Wao siwasikilizi. Ila wewe ndiye mkimbiaji nyumbani. Sema."

Mama Umeme ndiye aliyepiga makofi waliposema mstari wa mwisho ufungwe mapema. Alimgeukia msaidizi wa dereva. "Nendeni. Huyu ana mtu wake."

Basi likawapita kwa moshi. Wakapanda kando, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kwa sababu barabara sasa ilikuwa ya magari. Watu wenye mifuko ya sokoni waliwapisha, wengine wakishangaa mzee mwenye namba kifuani anatoka wapi. Baba Pacha alikimbia kutoka nguzo moja ya taa hadi nyingine, akatembea mbili, akakimbia tena. Mama Umeme alimwambia aachie mabega. Alimwambia ahemee tumboni. Aliposahau alimkumbusha kwa ukali, kama kocha, na Baba Pacha aliitikia "ndiyo" kama mtoto wa darasa la kwanza.

Walipofika uwanjani, tao la mwisho lilikuwa limeshatolewa hewa, limelala chini kama hema lililoanguka. Vijana walikuwa wanabeba viti. Msichana mmoja aliwaona, akakimbilia sanduku, akapekua, akatoa medali, akamvisha Baba Pacha huku akimwuliza kama anaweza kukaa. Hakuweza. Alisema akikaa hatainuka. Vijana wakawaambia kwamba Sauti ameshafika kabla yao, amepelekwa hema la huduma ya kwanza, na amefika kwa miguu yake. Mama Umeme aliuliza tena, "Kwa miguu yake?" Wakasema ndiyo, karibu wote walimwona. Kikombe cha wakongwe kilikuwa kimeshatolewa zamani. Alichukua Mwenyekiti.

Kwenye kikao kilichofuata, Mama Umeme alisimama na kusema alichokiona, hakuongeza wala hakupunguza. Mwenyekiti alimsikiliza kwa utulivu, mikono imekunjwa tumboni.

"Dada yetu shahidi wake ni nani?" aliuliza.

"Ukuta," Mama Umeme akajibu. "Ulikuwa mkavu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mmoja akasema labda amfulie na kikombe chenyewe. Mzee mmoja alishauri wasichafuane majina mbele ya vijana. Hakuna aliyesema anamwamini. Lakini katibu, ambaye hakucheka, alipendekeza mwaka ujao mkeka wa kupimia muda utandikwe nyuma ya maghala, pale kwenye reli. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kupinga, na Mwenyekiti naye ilimbidi anyooshe mkono kukubali. Kabla ya kikao kufungwa alitaja, kana kwamba ni jambo la kupita tu, kwamba mgongo unamsumbua siku hizi, na huenda mwaka ujao asikimbie. Watu wakatazamana. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Baba Pacha alikuwa amemsubiri nje, amekaa kwenye ngazi, kiatu kimoja amekivua kwa sababu ya ukucha uliokuwa unataka kutoka. Alikuwa amesikia yote dirishani.

"Mimi nakuamini," akasema walipoanza kwenda.

"Hukuwepo pale."

"Sikuwepo."

"Sasa unaaminije?"

"Nimeamua tu."

Mama Umeme alitafuna neno hilo mpaka wakavuka barabara. Yeye hakuwahi kuamua kuamini. Aliamini alichokigusa, na hata hicho alikinusa kwanza.

"Na mimi je?" Baba Pacha akauliza. "Kama siku ile usingerudi nyuma, nikaja nyumbani jioni na medali, nikakwambia nimemaliza. Ungeamini?"

Alifikiri kumdanganya. Ingekuwa rahisi, na giza lilikuwa linaanza kuingia, asingemwona uso. "Hapana," akasema.

Fundi alicheka. Halafu kicheko kikaisha, akatembea, kiatu mkononi. Mkewe akadhani amemuumiza, akataka kuongeza neno, akakosa la kuongeza lililokuwa kweli.

"Basi mwakani itabidi ukimbie na mimi," Baba Pacha akasema. "Uone kila kitu kwa macho yako."

"Kwa goti hili? Nitatumia siku nzima."

"Kwani mimi nina haraka?"

"Tutakuwa wa mwisho, Baba Pacha. Watu watatucheka."

"Watacheka," akakubali.

Mama Umeme hakumjibu kwamba atakimbia, wala hakukataa. Aliulizia viatu, iwapo vile vya kikundi vinapatikana vya miguu mirefu, na Baba Pacha akasema atauliza. Mama Umeme akamwambia asimwambie mpiga pasi kwanza.